Paa Gumu Hukatwa Chini: Mwongozo wa Kupaua Nyumba ya Kona Nyingi

Kijana anayeshika nyundo Kidete hachukui muda mrefu kujua kupaua nyumba ya pande mbili. Kenchi ya kwanza inapigwa chini, ya pili inalazwa juu yake ili zilingane, zinasimamishwa, papi zinapigiliwa, bati zinafuata. Ugumu unaanza pale mwenye nyumba anapotaka paa la pande nne, baraza lichomoze mbele, na chumba cha ubavuni kitoke kama herufi L. Hapo kenchi hazifanani tena. Mbao zinakutana kwa pembe ambazo msumeno haujazizoea, na kijana anarudi kuwa mbeba mbao huku fundi mkuu akipima peke yake juu ya ukuta.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya huyo kijana, na kwa mwenye nyumba anayetaka kujua analipia nini. Neno langu kubwa ni moja: paa gumu hukatwa chini. Anayepanda ukutani na mbao nzima kwa nia ya kupima hukohuko atakata, atarudia, atamaliza mbao za watu na paa litakuja kupinda. Anayechora kona moja sakafuni kwa ukubwa wake halisi anaweza kukata mbao za kona zote nne kabla mtu hajapanda ngazi.

Paa la Kidete lina kazi nzito. Kata hii ya wilaya ya Kilosa iko kwenye Reli ya Kati, ile iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, katika kipande cha Kilosa hadi Gulwe ambacho maji yamekisumbua miaka mingi. Mto Kinyasungwe unashuka kutoka upande wa Dodoma na kuendelea kama Mkondoa hadi Kilosa mjini. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mafuriko yalibomoa njia ya reli, yakaingia Kilosa na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Watu wa bonde hili wanafahamu kwamba ukuta wa tofali mbichi ukilowa unarudi kuwa udongo, na kinachookolewa ni mbao na bati. Paa lililokatwa kwa vipimo na kufungwa vizuri linaweza kufunguliwa likajengwa tena mahali pengine. Lililojaa viraka huishia jikoni kama kuni.

Kuna sababu nyingine ya kulipenda paa la pande nne mbali na sura yake. Upepo ukija wa nguvu, paa la pande mbili linaupokea kwenye ule ukuta wa pembetatu wa mwisho wa nyumba, na ukuta huo ukitikisika kenchi zinasukumana. Paa la pande nne halina ukuta huo. Kila upande una mteremko, upepo unateleza juu yake, na kona nne zinashikana zenyewe. Kwa nyumba iliyo wazi kwenye uwanda, bila miti ya kuikinga, mimi ningemshauri mwenye nyumba alichague hata kama linamgharimu mbao zaidi.

Kabla ya mbao yoyote, pima kuta. Fundi uashi anaweza kukukabidhi nyumba ambayo kona zake si skwea, na paa la pande nne halivumilii jambo hilo. Vuta kamba kutoka kona hadi kona ya mshazari, kisha mshazari wa pili. Urefu ukitofautiana, nyumba imepinda. Usizihangaikie kuta, rekebisha mbao ya ukutani, ile inayolazwa juu ya lenta na kubeba paa lote. Inaweza kuingia ndani au kutoka nje sentimita moja au mbili bila madhara, mpaka mishazari ilingane. Kona moja moja unaikagua kwa kanuni ya 3, 4 na 5: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na umbali kati ya alama hizo uwe mita 5 kamili. Kisha zungusha pima maji, au mpira wa maji kama unao, uhakikishe kona zote nne ziko usawa mmoja. Kona ikishuka sentimita 2, mwisho wa juu wa mbao ya kona nao utayumba, na kosa hilo halifichiki chini ya kofia, lile bati linalofunika kona.

Sasa tuchukue nyumba moja na tuijenge hapa kwenye karatasi. Upana wake ni mita 6, urefu mita 10, na pande zote nne zina mteremko mmoja: kila mita 1 unayoingia ndani kutoka ukutani, paa linapanda nusu mita. Nimechagua mteremko huo kwa makusudi, kwa sababu namba zake ni nyepesi kuliko nyingine zote na anayeanza hapaswi kupigana na hesabu na msumeno kwa wakati mmoja.

Nusu ya upana ni mita 3, kwa hiyo mwamba, ile mbao ya juu kabisa, utakaa mita 1.5 juu ya usawa wa mbao ya ukutani. Mbao ya kawaida ya mteremko inatoka ukutani kwenda kwenye mwamba. Kanuni ya pembetatu uliyoisoma shuleni inatosha: 3 mara 3 ni 9, 1.5 mara 1.5 ni 2.25, jumla 11.25, na kipeuo cha pili chake ni 3.354. Mbao hiyo ina urefu wa mita 3 na sentimita 35 na nusu hivi. Kila mita 1 ya kuingia ndani inazaa sentimita 111.8 za mbao. Andika namba hii nyuma ya mlango, maana itarudi.

Mbao ya kona haiendi moja kwa moja kwenye mwamba. Inatoka kwenye kona ya nyumba na kukata mshazari, ikiingia mita 3 upande huu na mita 3 upande ule, huku ikipanda mita 1.5 ileile. Hesabu yake ni 9 na 9 na 2.25, jumla 20.25, na kipeuo chake ni 4.5 kamili. Kwa mteremko wa nusu, mbao ya kona ni mara moja na nusu ya umbali wa kuingia ndani. Nyumba ya upana wa mita 8 itataka mbao ya kona ya mita 6, na banda la upana wa mita 4 litataka mita 3. Hutahitaji kikokotoo.

Mwamba wenyewe ni urefu wa nyumba ukiondoa upana wake: 10 kutoa 6, yaani mita 4, kwa sababu kila mwisho wa nyumba unakula mita 3. Kwa wanaotumia kenchi, na Kidete wengi wanatumia, maana yake ni kwamba kenchi nzima ya kwanza inasimama mita 3 kutoka ukuta wa mwisho, na nyingine nzima mita 3 kutoka ukuta wa mwisho wa pili. Kenchi hizo mbili ziwe imara kuliko za katikati, kwa kuwa ndizo zinazopokea vichwa vya mbao za kona.

Hesabu hii sasa iende sakafuni. Fagia sakafu ya saruji, au tafuta uwanja mgumu uliosawazishwa, chukua kamba, chokaa na misumari miwili mitatu. Chora kona moja ya nyumba kwa ukubwa wake: mistari miwili ya mita 3 inayokutana kwa skwea. Funga mraba huo, kisha vuta mshazari kutoka kona ya nyumba hadi kona ya ndani. Ukiupima utapata mita 4.24. Huo ndio mwendo wa mbao ya kona ukiitazama kutoka juu. Pale mshazari unapoishia, simamisha mstari wa skwea wa mita 1.5, halafu unganisha ncha yake na kona ya nyumba. Mstari huu wa mwisho ni mbao yako ya kona, mita 4.5, imelala chini mbele ya macho yako. Laza mbao juu ya mstari, hamishia alama za juu na chini kwa penseli, kata. Chora hivyohivyo kwa mbao ya kawaida, ukitumia mita 3 na mita 1.5.

Kuna mafundi wanaoona uchoraji huu ni kupoteza muda. Lakini nchini Ufaransa, mafundi wa mbao wamerithishana kwa karne nyingi kazi ya kuchora paa sakafuni kwa ukubwa wake kabla ya kukata, na mwaka 2009 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Paa la kanisa la Notre-Dame la Paris liliungua tarehe 15 Aprili 2019, likapauliwa upya kwa njia hiyohiyo, kwa mbao za mwaloni, na kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024. Kama kazi ya ukubwa huo inaanzia kwenye mchoro wa chini, nyumba ya vyumba vitatu haina sababu ya kuuruka.

Baada ya mchoro tengeneza vigezo viwili vya plaiwudi au ubao mwembamba. Cha kwanza ni pembetatu ya skwea yenye sentimita 30 chini na sentimita 15 wima, kwa ajili ya mbao za kawaida na mbao fupi tutakazozifikia. Cha pili kina sentimita 42.4 chini na sentimita 15 wima, kwa ajili ya mbao ya kona. Ukingo mrefu wa kigezo unaegemea ukingo wa mbao. Upande wake wa wima unakupa mkato wa timazi, ule unaosimama wima mbao ikishapanda mahali pake, na upande wa chini unakupa mkato wa kulala, ule unaokaa juu ya mbao ya ukutani. Mikato hiyo miwili inafanya kikalio. Kikalio kisizidi theluthi moja ya kimo cha mbao. Ukikikata zaidi ya hapo kwa kutafuta mbao ikae vizuri, umeipunguzia nguvu mahali inapobeba mzigo.

Mbao ya kona ina siri moja ambayo wengi huigundua bati zikishapanda. Kwa kuwa ina unene, kingo zake mbili za juu zinajitokeza juu kidogo kuliko miteremko ya pande zake. Papi zikifika hapo zinanyanyuka, bati linaota kigongo, na kofia ya kona haikai. Dawa yake ni kuishusha mbao ya kona kwa kuongeza kina cha kikalio chake. Kwa mbao ya unene wa sentimita 5 na mteremko wetu wa nusu, ishuke milimita 9. Ni kiasi kidogo mno cha kuonekana kwa macho ukiwa chini, na ndicho kinachotofautisha kona iliyonyooka na ile yenye mawimbi.

Halafu zipo mbao fupi, zile zinazotoka ukutani na kuishia ubavuni mwa mbao ya kona. Tuseme tunaziweka kila baada ya mita 1. Ile iliyo karibu na mwamba imepungukiwa na mita 1 ya kuingia ndani, kwa hiyo inapungua sentimita 111.8 kutoka 335.4 na kubaki 223.6. Inayofuata inapungua kiasi hichohicho na kubaki 111.8. Ya tatu ingekuwa sifuri, maana hapo ni kona yenyewe. Hivyo kila ubavu wa mbao ya kona una mbao fupi mbili, kila kona ina nne, na nyumba nzima ina 16. Nane kati ya hizo zinakatwa kichwa kikielekea kulia na nane kikielekea kushoto. Hapa vijana wengi huumia: wanapata kipimo sahihi, wanafurahi, wanakata zote 16 kwa upande mmoja, na nusu yake hazina pa kwenda. Ziandike herufi kabla ya kukata, K kwa kulia na S kwa kushoto, na uzipange mafungu mawili.

Mkato wa kichwa cha mbao fupi ndio unaoogopwa kuliko yote, kwa sababu unainama pande mbili kwa pamoja. Twende polepole. Laza mbao kwa ubavu, pima 223.6 kutoka kwenye alama ya kikalio, na kwa kigezo cha kwanza chora mstari wa timazi. Kipimo hicho kinafika katikati ya unene wa mbao ya kona, kwa hiyo lazima urudi nyuma nusu ya unene huo uliokatwa mshazari. Kwa mbao ya sentimita 5 ni sentimita 3.5. Rudi kiasi hicho ukipima kwa skwea kutoka kwenye mstari wa timazi, usipime kwa kufuata urefu wa mbao. Chora mstari wa timazi wa pili, na uupitishe juu ya ukingo hadi ubavu wa pili wa mbao. Huo ni mstari wa katikati. Sasa, kwenye ubavu utakaokuwa mrefu, sogea mbele nusu ya unene wa mbao fupi yenyewe, yaani sentimita 2.5, uchore timazi. Kwenye ubavu utakaokuwa mfupi, rudi nyuma sentimita 2.5, uchore timazi. Unganisha mistari hiyo miwili kwa mshazari juu ya ukingo. Msumeno ufuate mshazari huo juu na mistari ya timazi pembeni, na kichwa cha mbao kitalala ubavuni mwa mbao ya kona bila mwanya. Pima unene wa mbao uliyonunua kabla ya kutumia namba zangu, kwa kuwa mbao ya inchi 2 kutoka mashineni mara nyingi haifiki sentimita 5, na punguzo lote linafuata unene halisi.

Zipigilie mbao fupi kwa jozi, moja kulia na mwenzake kushoto. Ukimaliza upande mmoja kwanza, utaisukuma mbao ya kona ikunje tumbo.

Urefu wa mbao za sokoni utakulazimisha kuunga. Mbao nyingi za paini zinauzwa futi 12, ambazo ni mita 3.66. Mbao yetu ya kawaida ina mita 3.35, lakini ukiongeza sentimita 60 za kutokeza nje ya ukuta kwa ajili ya kivuli na kukinga mvua, inafika mita 4.02. Mbao ya kona ikitokezwa hivyohivyo inafika mita 5.4, na paa linashuka sentimita 30 chini ya usawa wa mbao ya ukutani. Kwa hiyo hesabu maungio tangu ukiwa unaandika orodha ya mbao. Ungio la mbao ya kona liwekwe juu ya mhimili unaosimama kwenye ukuta wa ndani, lisiachwe hewani. Piga vipande viwili vya ubavuni, kimoja kila upande, vyenye urefu usiopungua mita 1, na misumari ipishane ili mbao isipasuke. Kwa mbao ya kona tumia 2 kwa 6 hata kama sehemu nyingine umetumia 2 kwa 4. Inabeba mzigo wa pande mbili.

Herufi L sasa. Tuseme chumba cha ubavuni kina upana wa mita 4. Ukiweka mteremko uleule wa nusu, mwamba wake utakuwa mita 1 juu ya mbao ya ukutani, yaani nusu mita chini ya mwamba mkubwa. Utaingia ndani ya paa kubwa mita 2 kutoka kwenye mstari wa ukuta, na pale paa hizo mbili zinapokutana kunazaliwa mfereji kila upande. Mbao ya mfereji inafuata sheria ileile ya moja na nusu: mita 2 mara 1.5, sawa na mita 3. Mchoro wa sakafuni ni uleule wa kona, isipokuwa sasa kona inatazama ndani. Mteja akikuambia, "Fundi, nataka miamba yote iwe sawa," mweleze kwa heshima kwamba hilo linataka kubadilisha mteremko wa upande mmoja, na mfereji hautapita tena katikati ya kona. Linawezekana, ila lisiwe somo lako la kwanza.

Mfereji ndio mdomo wa nyumba. Unapokea maji ya miteremko miwili, na mvua ya vuli ikimwagika kwa nguvu baada ya miezi ya ukame, unajaa kwa dakika chache pamoja na majani ya mwembe yaliyolala juu ya paa tangu kiangazi. Chini ya bati la mfereji weka ubao pande zote mbili, upana wa kutosha kulibeba. Bati lenyewe liwe bapa, lipande angalau sentimita 30 kila upande, na vipande vyake viungwe kwa cha juu kulalia cha chini. Usipige msumari wowote katikati ya mfereji. Bati za paa ziishie na kuacha njia ya wazi ya sentimita 10 hivi, ili mkono au fagio lipite. Mafundi wanaozikutanisha bati mpaka zigusane kwa kutafuta urembo wanamwachia mwenye nyumba dari lenye madoa.

Mteremko ukiwa mwingine, njia haibadiliki, namba ndizo zinazobadilika. Paa linalopanda theluthi moja ya mita kwa kila mita linazaa sentimita 105.4 za mbao ya kawaida na 145.3 za mbao ya kona. Paa la nyuzi 45, linalopanda mita kwa mita, linazaa 141.4 na 173.2. Simu yoyote yenye kikokotoo cha kipeuo itakupa nyingine. Unachopaswa kukataa ni miteremko miwili tofauti kwenye kona moja kabla hujawa mzoefu, na pia yale mapaa ya kuficha nyuma ya ukuta yanayopendwa siku hizi. Yana mteremko mdogo na gata la ndani, na kosa dogo la usawa linageuza nyumba kuwa bwawa. Nayaheshimu, lakini ni kazi ya mtu aliyekwisha kukaa na maji miaka mingi.

Kukata vizuri hakufai kitu kama paa halijafungwa. Upepo haulisukumi paa chini, unalinyanyua, na unaanzia kwenye ule utokezaji wa nje ya ukuta. Wakati lenta inamwagwa, fundi uashi aache vipande vya nondo nyembamba au mkanda wa chuma vikitokeza kila mahali kenchi au mbao ya kona itakapokaa, baadaye vikunjwe juu ya mbao na kupigiliwa. Nyumba ya tofali isiyo na lenta inahitaji waya mnene uliozikwa kozi nne au tano chini, ili upepo ukivuta uvute na uzito wa ukuta. Msumari peke yake, ukiupiga kwa mshazari, unang'oka kama jino bovu. Na kenchi zikisimamishwa, kabla ya papi, zifungwe kwa mbao za mshazari, la sivyo ya kwanza ikilala zote zinaifuata, na watu wakiwa juu.

Kuhusu mbao, nunua iliyotiwa dawa. Paini ni laini na mchwa wa Kilosa hawana subira. Nyingi inatoka mashamba ya miti kama Sao Hill huko Mufindi. Mbao ya kijani ya dawa ina sumu ya aseniki, kwa hiyo mabaki yake yasiwashwe jikoni wala vumbi lake lisivutwe. Yafukie mbali na kisima. Waambie akina mama wa nyumba mapema, kwa sababu wao ndio watakaoyaokota. Mninga na mkongo uviachie milango na fremu. Popote unaponunua, dai risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, kwa kuwa mbao isiyo na hati ikikamatwa njiani hasara ni yako.

Bati za kona hukatwa mshazari na zinatisha kwa mabaki. Lakini kile kipande kinachobaki, ukikigeuza kichwa chini miguu juu huku rangi ikiwa bado nje, mara nyingi kinafaa kona nyingine inayoelekea upande uleule, mradi migongo ya bati inalingana pande zote mbili. Pima na ufikirie kabla ya kukitupa.

Zoezi la kufanyia haya yote halina gharama kubwa. Chukua fito nyembamba za mbao, fanya kila mita iwe sentimita 10, na ujenge nyumba yetu ya mita 6 kwa 10 yenye upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 1. Mbao ya kona itakuwa sentimita 45. Kata kona nne, mbao fupi 16, halafu ongeza ubavu wa L. Ukiweza kulifunika paa hilo kwa karatasi ngumu bila mwanya, uko tayari kwa jiko la nje au banda la kuku la pande nne. Baada ya hapo muombe fundi wako mkuu akuache upime kona moja ya nyumba ya kweli naye akikagua. Mwambie wazi: "Fundi, naomba hii kona niichore mimi." Wengi hawafichi ujuzi kwa ubaya, wanaogopa hasara ya mbao, na ukimwonyesha kielelezo chako hofu hiyo inapungua.

Kuna pia njia ya chuo. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo Mikumi, ndani ya wilaya hii hii, na kingine Kihonda mjini Morogoro. Uliza fani ya useremala na ile ya ujenzi, muda wake, ada na bweni. Kama tayari umefanya kazi miaka kadhaa na huna cheti, ulizia utaratibu wa VETA wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unatathminiwa kwa kazi unayoweza kuifanya, unaongezewa mafunzo pale ulipopungukiwa, na unapewa cheti kinachokuwezesha kuomba kazi za majengo ya shule na zahanati. Vijana wanaofanya kazi pamoja wanaweza kuunda kikundi na kuuliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni fungu la vijana. Msumeno wa umeme, ngazi mbili nzuri na mikanda ya usalama ni vitu vya kuombea mkopo huo.

Mkanda uvaliwe hata kwa nyumba fupi. Usipande bati lililolowa, usisimame kwenye papi iliyo katikati ya kenchi mbili, na usikubali kupaua chini ya waya wa umeme mpaka TANESCO waje.

Kwa mwenye nyumba, kabla hujatoa pesa ya mbao, mwombe fundi akuchoree paa lako likitazamwa kutoka juu, mwamba, kona na mifereji, na vipimo vyake pembeni. Anayejua kazi atalichora kwenye karatasi ya daftari mbele yako. Mchoro huo uambatane na orodha ya mbao na makubaliano ya malipo kwa awamu, ya kwanza mbao zikishakatwa chini, ya pili paa likisimama, na kiasi kibaki mpaka mvua ya kwanza ipite na wewe umekagua mifereji kwa ndani.